Mwogope Akinyamaza

Mlango ulipofunguliwa, Kalamu alijua amekwisha.

Alikuwa amejiandaa wiki nzima. Viatu alivijaribu akavivua, akavivaa tena. Salamu alizifanyia mazoezi mbele ya kioo. Hata namna ya kukaa kitini alikuwa ameshaamua: magoti pamoja, mikono mapajani, asiegemee. Leo ndiyo siku ambayo mfamasia, mwanamume aliyempenda kuliko usingizi wake, alikuwa anampeleka nyumbani kwao akaonwe na mama. Mjomba alikuwa ameitwa, shangazi naye ameitwa, maana katika ukoo ule suala la ndoa halikuwa la mtu mmoja.

"Mama," mfamasia alisema, sauti imejaa fahari, "huyu ndiye yule ninayekusumbua naye kila siku."

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, gauni limenyooshwa pasi barabara, miwani ya fremu nyeusi puani. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mtaa ule waliwahi kusimama mstarini mbele yake wakikaguliwa kucha, na mpaka leo watu wazima wenye vitambi wakimwona kwa mbali huchomekea mashati. Sifa zake Kalamu alizijua. Uso ndio aliodhani hajawahi kuuona.

Kumbe alishauona. Mungu wangu, alishauona kwa karibu kabisa! Ila siku ile uso huo haukuwa na miwani. Ulikuwa umefungwa kitambaa kilichopauka, na mwenyewe alisema anaitwa Bibi, basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Neno moja tu. Halafu mama akageuka akakaa.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, msomaji, la sivyo utadhani binti huyu alitetemeka bure.

Kalamu ni jina la kazini. Alikuwa mwandishi katika kampuni ya matangazo ya mtandaoni, ofisi ya vijana watupu iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Wenzake walitengeneza tovuti, wakachora, wakapiga video. Yeye akatia maneno. Ukimpa picha ya sufuria, atakuandikia mpaka uililie sufuria. Ndiyo maana wakambandika jina hilo.

Kampuni ile ilijivunia mambo mawili. La kwanza lilikuwa Jumamosi za jamii. Kila Jumamosi ofisi ilifunguliwa kwa wazee wa jirani, vijana wakakaa nao meza kwa meza kuwafundisha kutumia simu: kusoma ujumbe, kuwapigia wajukuu kwa video, kumtambua tapeli kabla hajawatapeli. La pili lilikuwa ukuta wa mvuto. Ukuta mzima, karibu na mashine ya kahawa, ambapo kila mfanyakazi alibandika chochote kilichomgusa moyo: jani kavu, mchoro wa mtoto, kipande cha kitambaa. "Wazo halikai kwenye kompyuta," bosi alipenda kusema. "Wazo linakaa kwa watu." Maneno matamu, na ndiyo yaliyomponza Kalamu.

Jumamosi moja alikuja bibi mgeni, akachagua kiti cha dirishani. Mkononi alikuwa na simu kuukuu, akasema hajui hata kuiwasha. Kalamu akakaa naye. Bibi mwenyewe alikuwa na vituko! Kila akionyeshwa kitu anasahau papo hapo, lakini maswali yasiyohusu simu alikuwa nayo tele.

"Una mchumba, mwanangu?"

"Ninaye, bibi."

"Anakupenda?"

"Ananipenda. Shida si yeye."

"Shida ni nani?"

Ulimi hauna mfupa. Kalamu aliinama karibu na sikio la bibi kama anayempa siri ya serikali. "Mama yake. Sijamwona bado, lakini nasikia ni moto wa kuotea mbali. Eti mwanaye akivaa soksi zisizofanana anaitiwa kikao!"

Bibi alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamlenga, meno yote nje. Kalamu naye akacheka kwa kumwona yeye, akainua simu yake.

"Nikupige picha, bibi? Umependeza kweli."

"Piga. Lakini ya kwako tu. Usiipeleke popote."

"Ya kwangu tu, bibi."

Picha ikapigwa. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akamshika Kalamu mkono na kuubana. "Mama kama huyo usimwogope akifoka. Akikufokea ujue ameshakuhesabu mtu wake. Mwogope akinyamaza."

Kalamu aliichapa picha ile kwenye karatasi akaibandika kwenye ukuta wa mvuto. Alijiambia ukuta ni wa ndani, si popote. Bosi akapita na kikombe chake. "Hii ni dhahabu!" akapaza sauti, ofisi nzima ikageuka. "Hii ndiyo sura ya ukurasa wetu wa jamii. Kalamu, iandikie kitu kinachochoma moyo."

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, bosi, nimeahidi. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama kwa husuda, na sifa jamani ni tamu. Maneno ya kweli ya kicheko kile hakuweza kuyaandika, maana yalikuwa umbea wake mwenyewe juu ya mkwe. Basi akatunga. Akaandika kama vile bibi ndiye anayesema, na chini yake akaongeza mstari wa kampuni.

Picha ikasambaa mno. Ijumaa bosi alimpigia makofi. Na leo Jumapili, Kalamu alikuwa amekaa kwenye kochi la mwenye ile picha, magoti pamoja, mikono mapajani.

Mjomba, mzee mnene aliyefunga shati mpaka kifungo cha mwisho, alikuwa anachezea kofia yake. Mama alitazama dirishani. Mfamasia alitazama huyu, akatazama yule, tabasamu likaanza kumchoka.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona kama msiba?"

"Wewe hujui?" shangazi alisema. Alikuwa na simu tayari mkononi, kama aliyeisubiri nafasi hiyo tangu asubuhi. "Unauza dawa kutwa kucha, hujui mama yako amekuwa nani huko duniani? Hebu shika. Soma, tena kwa sauti."

Mfamasia akashika simu. "'Nilikuwa nimeachwa gizani,'" alianza kusoma, na kwa neno la tano sauti ilikwisha kupungua. "'Hata simu sikujua kuiwasha. Vijana hawa wamenipa macho...'" Akasita. "'Bibi, mmoja wa wazee wasiojiweza tunaowasaidia.' Mama? Huyu si wewe?"

Mama hakugeuka.

"Wifi yangu hajalala tangu Ijumaa," shangazi aliendelea. "Wanafunzi wake wa zamani wanatumiana picha hiyo. Walimu wenzake wanamtumia vikaragosi vya kulia. Na hapo pembeni ya mlango unaona nini?"

Wote walitazama. Pembeni ya mlango palikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake sabuni za kufulia na paketi za sukari.

"Kaleta jana mwanamume mmoja ambaye wifi alimfundisha darasa la tatu. Kapiga magoti hapo kizingitini. Anasema, pole Mwalimu, hatukujua kama hali imefika huku. Mwanamke aliyelea yatima wa watu kwa mshahara wake, leo analetewa sabuni!"

Kalamu aliutazama ule mfuko, akahisi mwili mzima unamwaka, kuanzia masikioni mpaka nyayo. Alitamani sakafu ipasuke immeze na viatu vyake vipya.

"Kampuni hiyo ndiyo unayofanya kazi, binti?" mjomba aliuliza taratibu. "Nani kati yenu aliandika haya?"

Mfamasia alimtazama kwa macho ya kuomba. Sema si wewe, macho yalisema. Sema ni mwingine, sema ni bosi, sema chochote.

"Ni mimi," Kalamu alisema.

Mfamasia akairudisha simu kwa shangazi polepole. "Mjomba, tupe dakika chache," akasema, akatangulia nje bila kumshika Kalamu mkono.

Walisimama uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Shuka zilikuwa bado mbichi, zikiwafunika wasionekane vizuri kutoka dirishani. Siku nyingine mahali kama hapo mfamasia angekwisha kumvuta kifuani. Leo alisimama mbali, mikono mifukoni.

"Ulimuuliza kabla ya kuiweka?"

"Aliniambia ni ya kwangu tu. Nikamwahidi."

"Ukamwahidi!" Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Hayo maneno je? Aliyasema?"

"Hakuyasema. Niliyatunga."

"Yote?"

"Yote."

Mfamasia alizunguka, akarudi palepale. "Unajua kazi yangu. Mimi nikibandika kwenye chupa jina la kitu ambacho hakimo ndani, mtu anakufa. Wewe umembandika mama yangu karatasi ya uongo, na mtaa mzima umeisoma."

"Najua."

"Hujui! Hujui yule mama alivyo. Baba alipofariki, hakukubali hata jirani atuletee mkate. Alikuwa anasema heshima ndiyo nguo pekee isiyonunuliwa." Akavuta pumzi, na aliposema tena alisema chini kabisa, na hilo ndilo lililomchoma Kalamu zaidi ya kelele zote. "Na mimi? Yale uliyokuwa unanitumia mimi. Yalikuwa yako, au na mimi ulikuwa unanitungia?"

Kalamu aliinua uso. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, hakuyafuta.

"Kumbuka nilichokuwa nakuandikia. Umekula? Umefika? Mvua huko? Umekula tena? Mimi, mwandishi, mtu anayelipwa kuliza watu kwa sufuria! Nikikaa kukuandikia wewe maneno yote yananikimbia, nabaki na 'umekula'. Ningekuwa natunga, mpenzi wangu, si ningetunga vizuri?"

Mfamasia alifumba macho. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, ikatulia. Alikuwa anampenda, ndiyo taabu yake.

"Kitu kimoja sielewi," akasema. "Mama alifuata nini kwenu? Simu yake ni nzuri kuliko yangu. Yeye ndiye anayeendesha kundi la walimu wastaafu, anawagombeza humo alfajiri na mapema. Leo hajui kuwasha simu?"

Upepo ulikuwa umeinua ncha ya shuka, na kupitia hapo Kalamu aliliona dirisha la sebule. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kioo, amevua miwani. Hakuwa na uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshikwa.

Ndipo yote yakamwingia. Kitambaa kilichopauka. Simu ya kuazima. Una mchumba, mwanangu? Mwalimu mkuu mzima alijigeuza bibi wa kijinga ili amchungulie mkwe! Laiti hilo lingejulikana mle ndani, kibao kingegeuka mara moja. Shangazi angesahau sabuni, akacheka mpaka kesho.

"Unajua," mfamasia alisema, akimsoma. "Unajua alifuata nini. Niambie basi. Kama kuna kitu cha kukutetea, nitakisema mimi."

"Sijui kitu cha kusema."

"Unanificha."

"Ndiyo," Kalamu alisema. "Hilo nakuficha. Twende ndani."

Sebuleni hakukaa. Alisimama mbele ya mama, pale mtoto mtukutu anaposimama, akatoa simu yake.

"Mama, picha uliniambia ni ya kwangu tu, na mimi nikaitoa. Maneno hukuyasema, niliyatunga ili nisifiwe. Nikakuita asiyejiweza, wakati Jumamosi ile mtu aliyekuwa hajiwezi alikuwa mimi." Akakosea neno la siri, akarudia. "Picha nimeiondoa. Sasa naandika hapohapo ilipokuwa."

Akaandika, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. "Mama mliyemwona hapa ni mwalimu, na hakuhitaji msaada wetu. Hakusema neno lolote kati ya yale. Niliyatunga mimi, bila ruhusa yake. Namwomba radhi, na ninyi mliomhurumia, mhurumieni aliyesema uongo." Akaweka jina lake, lile la kuzaliwa, akatuma.

Haikupita muda simu ikaanza kulia. Bosi. Ikalia ikanyamaza, ikalia tena. Kalamu akaizima, akaitia mkobani.

"Sawa," mjomba alisema, akikohoa. "Kosa umelikiri, hilo ni jambo. Lakini mimi bado nina swali, na usiku sitalala. Dada, pale kwenye ofisi ya vijana ulikwenda kufanya nini?"

Mama alinyamaza.

"Wifi?" shangazi alisogea ukingoni mwa kiti. "Hata mimi nimejiuliza. Na kile kitambaa cha kichwani si kile nilichokuona ukidekia? Au kweli macho yameanza kufifia?"

Mama alinyamaza. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, vidole vimebanana. Kalamu aliuona mshipa wa shingoni unavyocheza, akamwonea huruma mpaka akasahau kujionea yeye.

"Basi binti, sema wewe," mjomba akamgeukia. "Wewe ulikuwa naye. Alikwambia amefuata nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Sentensi moja tu, naye ni bingwa wa sentensi moja. Alimtazama mfamasia, mwanamume anayeweza kumkosa leo hii kwa kunyamaza. Kisha akatikisa kichwa.

"Nisamehe, mjomba. Nimeshamsemea mara moja. Simsemei tena."

Shangazi alifungua mdomo, mjomba akamwinulia kidole. Kalamu aliokota mkoba wake. Alijua mlango uko wapi. Ulikuwa pale penye mfuko wa sabuni.

"Unakwenda wapi?"

Sauti ya mama. Kali, ya uwanja wa shule. Kila mtu alinyooka, hata mjomba.

"Nilikuwa... naenda, mama."

"Nimekuruhusu? Rudi hapa." Mama alivaa miwani yake, akainuka. "Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Mtoto huyu kavuliwa mbele yenu, kachutama. Mimi mtu mzima nitaendelea kusimama mpaka lini?" Mwalimu mkuu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitafuta neno, alikuwa anatafuta neno. "Nilikwenda kumchungulia. Haya! Cheka, wifi, najua linakuwasha."

"Kumchungulia!" mfamasia aliruka. "Mama!"

"Kumchungulia, ndiyo. Wewe ni mwanangu wa pekee, na umeniletea habari za msichana wa mitandao. Nikasema nikamwone akiwa hajui anaonwa. Nikachukua simu mbovu ya mjomba wako kabatini, nikajifunga tambara, nikajifanya mjinga. Nimeadhibu watoto miaka na miaka kwa kuigilizia, halafu mimi naigiza ujinga mbele ya watu. Walioniita mjinga mtandaoni wamekosea nini? Nilijitakia." Akairekebisha miwani puani. "Siku mbili nimekaa hapa namlaani binti wa watu, na aliyenivua nguo kwanza ni mimi mwenyewe."

Shangazi alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yanamruka. Mjomba alitazama kofia yake. "Ndiyo maana sikuiona ile simu," akasema.

"Na ulimwona, mama?" mfamasia aliuliza. "Ulimwona yukoje?"

Mama alimkabili Kalamu, wakatazamana kama siku ile dirishani, ila leo hakuna aliyecheka.

"Ahadi uliivunja," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hilo sijalisahau. Kesho utamfuata yule bwana wa sabuni kwake, umrudishie mfuko wake, umweleze mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Ndiyo, mama."

Kalamu alingoja, kichwa chini. Kilichobaki kilikuwa kile kimya alichoonywa. Alikisubiri kama mtu anayesubiri sindano.

"Na ukae!" mama alifoka. "Tangu umeingia umekaa ukingoni mwa kochi kama mgonjwa anayengoja daktari. Egemea! Hivyo viatu vinakubana, nimekuona tangu mlangoni unavyochechemea, nani kakudanganya mkwe hupimwa kwa viatu? Vua! Na huo wembamba, hamli huko ofisini, mnakunywa kahawa tu? Nawe, unasimama hapo kama nguzo, mletee mwenzio maji! Wifi, toa huo mguu apite!"

Mfamasia alikuwa ameshafika nusu ya mlango wa jikoni. Akageuka, akamtazama Kalamu juu ya bega la mama yake, na macho yake yakawa yale ya zamani.

Kalamu akavua viatu. Akaegemea. Aibu ilikuwa bado imemjaa tele, machozi yanamdondokea kifuani hata haoni mbele, na juu ya kichwa chake mama aliendelea kufoka, kuhusu nywele, kuhusu mkoba, kuhusu vijana wa siku hizi, bila hata kupumzika. Kalamu alisikiliza kila neno, akaomba asinyamaze.